Jiwe linaposema "hapa"

Waheshimiwa, wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kuhamisha mnara wa kumbukumbu ya askari wa anga, ule uliosimama kwenye ardhi ya umma. Nianze na hilo neno "ardhi ya umma", maana hutupotezea muda mwingi vikaoni. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Hata shamba lako la michikichi kule Simbo limo. Kwa hiyo anayesema "ni ardhi ya umma, tuutoe" bado hajatoa hoja. Mimi hutazama kwanza jiwe lenyewe linasema nini.

Kule Runnymede, Uingereza, kuna mnara wenye majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Mnara ule hausemi walifia pale; ungejengwa kilima kingine, usingesema uongo. Sasa nendeni Sheffield, kwenye bustani ya Endcliffe. Tarehe 22 Februari 1944 ndege ya kivita ya Marekani, B-17, ilianguka pale, wakafa wote kumi. Jiwe lao liko palepale, na miti ya mialoni imepandwa kwa ajili yao. Hilo jiwe linasema "hapa". Lisogeze, na "hapa" imekuwa uongo. Mialoni nayo haibebeki kwa lori.

Na sisi Kigoma? Watoto wetu wengi hawajui kwamba mji huu ulipigwa mabomu kutoka angani mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ndege za kampuni ya Short, zinazotua majini, zilitoka Uingereza zikiwa ndani ya masanduku, zikapita baharini na Kongo nzima mpaka ng'ambo ya ziwa hili la Tanganyika, Wabelgiji wakazirusha. Walikuwa wanaiwinda Graf von Götzen, meli ya Wajerumani. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai mwaka huo. Waingereza wakaiibua 1924, na ndiyo meli yetu ya Liemba.

Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, hakuangushwa na risasi. Alifia Niemba, Kongo, Desemba 1916, kwa maradhi. Ukimwekea jiwe, liseme "hapa" wapi? Kigoma alikorusha mabomu, Niemba alikofia, au kwao Ubelgiji? (Na wapagazi waliobeba yale masanduku? Hiyo mada nitaidai siku nyingine, mwenyekiti asinikatae.)

Sisemi mnara usiguswe. Wachuuzi wa Kibirizi wameona ziwa lilivyopanda miaka hii. Maji hayasomi maandishi. Lakini kama chini kuna miili, hayo ni makaburi, na yana sheria yake ya kuhamisha, ya mwaka 1969. Kama hakuna, pigeni picha, pimeni, waambieni ndugu wa marehemu kabla ya katapila kuwasha moto. Kisha badilisheni maandishi. Jiwe jipya liseme: "Ndege ilianguka mita mia mbili magharibi ya hapa." Na pale pa zamani bakizeni bamba dogo, hata likikanyagwa na mbuzi.

Namwona mzee pale nyuma amenyanyua mkono muda mrefu. Karibu, mzee.