Bustani ya Mji Hulindwa na Nani?

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja, hasa mliofunga biashara mapema mkapitia hapa.

Nimeombwa nizungumzie bustani za umma, na nitakaa zaidi Nyayo Gardens, hapa kwetu Nakuru, kwa sababu wengi wetu ndiyo tunayoijua. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tuko na hifadhi ya taifa ya Ziwa Nakuru hapa mlangoni, kilomita 188 za mraba, faru wamo, twiga wamo. Lakini imezungushiwa ua, na getini unalipa. Sasa mzazi wa mtaa wa Kaptembwa au Bondeni mwenye watoto watatu na nauli ya matatu tu mfukoni, Jumapili awapeleke wapi? Anawaleta Nyayo Gardens.

Ukifika pale baada ya ibada utapokewa na wapiga picha. Kamera shingoni, begani mkoba wenye printa ndogo. Mama anawapanga watoto mbele ya maua. Mdogo analia, kiatu kipya kinambana. Mpiga picha anamchezea kwa kofia mpaka anasahau. Picha ikishatoka, bei inajadiliwa upya! Simu kila mtu anayo, na kazi hiyo bado ipo, maana picha ya kutundika ukutani kwa nyanya huko nyumbani haitumwi kwa WhatsApp.

Chini ya mti kuna drafti. Kete ni vifuniko vya soda, za huyu zimetazama juu, za mwenzake zimelala kifudifudi. Wachezaji wawili, makocha kumi. Upande wa pili wako wazee wa siasa, ambao kufikia saa sita huwa wameshavunja baraza la mawaziri na kuunda jingine.

Ukiuliza nani analinda bustani, utaambiwa askari wa kaunti. Mimi nasema ni hawa. Mpiga picha anayeshinda pale anamjua mwizi wa simu kwa sura, na hamtaki, kwa sababu mteja akiibiwa leo kesho haji. Mama wa njugu ndiye anayejua mtoto aliyepotea alikuja na nani. Ndiyo maana sifurahii kuona kanjo, hao askari wa kaunti, wakiwafukuza wachuuzi kwa jina la usafi. Wapewe sehemu yao na pipa la taka, walipe ada, wabaki. Bustani iliyofagiwa vizuri halafu haina mtu saa kumi na mbili jioni, dada yangu simshauri apitie humo.

Kuna jambo la ardhi, na hili linaniuma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini. Hata Uhuru Park, Nairobi, ingejengwa jumba la ghorofa 60 kama mwanamazingira Wangari Maathai hangesimama kidete mwaka wa 1989, na alitukanwa si haba. Lakini yeye alikuwa na bustani inayojulikana dunia nzima. Kiwanja cha mtaa huenda kimyakimya: leo lori linamwaga mchanga, wiki ijayo mabati yamezungushwa, halafu mwenyewe anatokea na karatasi. Watoto waliokuwa wakipiga mpira pale hawapotei nacho. Wanakuja mjini, kisha tunalalamika nyasi zimekanyagwa.

Tusimtafute mtu wa Nairobi wa kulaumu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaziweka bustani na viwanja vya burudani chini ya kaunti. Na kabla ya kudai chemchemi za kupendeza macho, waulizeni kina mama kinachowarudisha nyumbani mapema. Watawaambia choo. Taa pia, lakini choo kwanza.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nimeshakaa kwenye vikao hivyo. Barabara huombwa na kila mtu, bustani huachwa. Nendeni na ombi lililoandikwa, lenye sahihi za wapiga picha, wachuuzi na wazazi, mwombe choo chenye maji na mtu wa kukitunza anayelipwa mshahara. Jengo peke yake msikubali.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Tuanze maswali na yule mama wa nyuma, amenyoosha mkono kitambo.