Kamera mbele ya bibi

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunajiuliza mtu anaijuaje asili yake, na tunakwenda China, vijijini. Kaka Hamisi ndiye aliyeleta mada hii.

HAMISI: Asante, dada. Mwaka 2010, Wu Wenguang, mtengenezaji filamu wa Beijing, aliwashawishi vijana warudi vijiji vya asili yao wakawahoji wazee kuhusu njaa ya 1959 hadi 1961. Wengi hawakuwa wameisikia kutoka kwa bibi zao.

ZUHURA: Hebu tueleze chanzo, maana mtu akisikia njaa anawaza ukame.

HAMISI: Mwaka 1958 Mao, kiongozi wa China, alianzisha kampeni ya Mruko Mkuu, ya kuharakisha kilimo na viwanda. Mashamba yakawa ya komuni, yaani mali ya pamoja, watu wakala kwenye majiko ya pamoja, hata masufuria ya nyumbani yakakusanywa yakayeyushwe kuwa chuma. Viongozi wa chini wakataja mavuno ambayo hayakuwepo, na serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hiyo hiyo ya uongo. Ghala likabaki tupu. Wanahistoria wanakadiria vifo kuanzia milioni 15 hadi zaidi ya milioni 40.

ZUHURA: Na waliobaki wakanyamaza.

HAMISI: Walinyamaza, ndiyo. Chukua Zou Xueping, wa mkoa wa Shandong. Aliwarekodi wazee wa kijiji chake. Aliporudi na filamu awaonyeshe, familia yake ikampinga. Wakamwambia: “Usiitoe nje, utatuletea matatizo.” Yeye akawasha kamera tena, akayarekodi na hayo mabishano.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipoguswa mimi. Wazazi wake hawakuwa watu wazima wakati wa njaa, lakini hofu wanayo. Wameipata wapi? Hakuna aliyewakalisha chini akawasimulia. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama akishusha sauti jina fulani likitajwa.

HAMISI: Na ndiyo sababu sikubali watu wanaposema vijana hawa walifukua makaburi. Makaburi yenyewe mengi hayakuwa na alama! Kijijini kwa Zou, watoto walisaidia kukusanya majina ya waliokufa na kuchangisha fedha za jiwe la kumbukumbu.

ZUHURA: Watoto wa shule?

HAMISI: Watoto, dada. Fikiria mtoto anabisha hodi kwa babu, anauliza nani alikufa nyumba hii. Sisi watu wazima tungezunguka wee.

ZUHURA: Siri ya mtungi muulize kata. Lakini kata lazima liulizwe. Ninavyoona, kamera iliwapa vijana ruhusa. Mjukuu kumuuliza bibi yake hivi hivi, “ulikula nini mwaka ule?” ni kumkosea adabu. Akija na kazi ya kufanya, bibi anasema haya, kaa, nikwambie. Anakutajia majani na magome ya miti.

HAMISI: Mradi huo wa Wu na vijana wake umehoji wazee zaidi ya 1,000. Kumbukumbu zao zimehifadhiwa pia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Lakini mimi namtaja Zhang Mengqi, kijana mwingine wa mradi huo. Yeye alisomea dansi. Filamu yake ya kwanza ilimhusu yeye, mama yake na bibi yake, yaani maumivu ya ndani ya nyumba. Kisha akaenda kijiji cha ukoo wake huko mkoa wa Hubei, akawa anarudi kila mwaka, majira ya baridi.

ZUHURA: Wengine wangerekodi mara moja wakaondoka.

HAMISI: Yeye hakuondoka. Ndiyo maana kwangu ana uzito wa pekee. Swali la “mimi ni Mchina wa namna gani” hakulijibu kwa bendera wala kwa chakula cha sikukuu. Alikaa na wazee hao hao mpaka wakamzoea.

ZUHURA: Katika filamu yake ya mwaka 2019 kuna binti wa kijiji anayechora sura za wazee. Mzee ametulia, binti anamtazama, anachora, anamtazama tena. Niliisimamisha nikaenda kumpigia simu bibi.

HAMISI: Ukamuuliza nini?

ZUHURA: Nilimuuliza jina la mdogo wake aliyefariki. Akanyamaza kidogo, kisha akalitaja.