Skrubu ya Mwanaidi, Sungura wa Seif

SEIF: Karibuni tena. Leo mwenzangu anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, msidhani ni spika zenu.

MWANAIDI: Siongei upande mmoja. Uvimbe umeshuka. Juzi ndiyo ungeniona, shavu kama nimeficha ndimu.

SEIF: Wenye kumbukumbu ya lile gego lake lililopasuka likang'olewa, basi ndilo hilo. Limepata mrithi.

MWANAIDI: Bado halijapata. Watu wananiambia nicheke walione. Mlione nini? Jumatatu nimewekewa ndani ya taya skrubu ya titani, metali ya kushikia jino la bandia, juu yake kifuniko kidogo usawa wa fizi, basi. Jino la kutafunia linakuja baadaye, miezi mitatu hadi sita, mfupa ukishaishika skrubu.

SEIF: Pole. Iliuma?

MWANAIDI: Ganzi ilinishika vizuri. Wakati wanatoboa nilisikia mtikisiko na kelele tu. Kung'olewa ndiko kulikonitesa. Kilichonichosha safari hii ni mahojiano ya kabla. Unavuta sigara? Kisukari unacho, na kama unacho, kimetulia? Unasaga meno usingizini? Umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, vidonge au sindano? Hilo la mwisho, jamani, msilifiche. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kufanya mfupa wa taya ugome kupona. Na sigara inachelewesha kidonda na kuongeza uwezekano wa skrubu kutoshika kabisa.

SEIF: Hapo kwenye kushika ndipo nilipokuwa nakungoja. Mwiba ukiingia kidoleni, mwili unautoa kwa usaha. Hii skrubu mfupa unaikumbatia kwa nini?

MWANAIDI: Seif, nimeandika maswali matano ya mgonjwa kumuuliza daktari. Tuanze nayo.

SEIF: Yatafika. Mwaka 1952, Uswidi, kuna mtafiti anaitwa Per-Ingvar Brånemark. Wala si daktari wa meno. Anachunguza damu inavyopita ndani ya mfupa unaopona. Akachukua sungura...

MWANAIDI: Tumeanza.

SEIF: ...akamwekea mguuni kifaa kidogo cha titani, cha kuchungulia. Utafiti umekwisha, mzee anataka kifaa chake, maana ni cha gharama. Hakitoki! Mfupa umekua mpaka ukakishika. Sungura kamdhulumu profesa.

MWANAIDI: (anacheka) Yule yule sungura mjanja?

SEIF: Yule yule! Fisi kadhulumiwa nyama, simba kanywewa kisima, Mswidi kadhulumiwa titani.

MWANAIDI: Na fisi wa hadithi hii ni nani?

SEIF: Fisi ni yule anayekuahidi utaingia asubuhi bila meno, jioni utoke unatafuna mifupa.

MWANAIDI: Hapo unawaonea. Wapo wanaowekewa meno siku hiyo hiyo, mfupa ukiwa mzuri na skrubu ikikaza barabara. Lakini hayo ni ya muda, na hutafunii vitu vigumu. Fisi ni anayemwahidi kila mtu kabla hajampiga hata picha.

SEIF: Haya, fisi hana picha. Mwaka 1965 Brånemark akamwekea binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson akafariki 2006 skrubu zake zikiwa bado kazini. Miaka 40 na ushee! Yote kwa ukorofi wa sungura.

MWANAIDI: Vizuri. Sasa kwa kuwa unazisifu hivyo, lile pengo lako la nyuma juu utaliziba lini?

SEIF: Silihitaji.

MWANAIDI: Sizitaki mbichi hizi!

SEIF: Ala! Sungura wangu mwenyewe unanigeuzia?

MWANAIDI: Karuka, karuka, matunda hayafiki, sasa anasema mabichi.

SEIF: Sikuruka. Ni gego la mwisho kabisa. Natafuna vizuri, sicheki mpaka huko, na daktari wangu hajasema lina shida. Watu wengi wanaishi salama bila magego ya mwisho.

MWANAIDI: Leo. Jino likitoka, mfupa wake unaanza kusinyaa, na mwaka wa kwanza ndio unaopungua zaidi. Jino la chini linaweza kupanda kufuata pengo, la jirani likalala. Miaka kumi baadaye unabadili mawazo, unaambiwa kwanza uongezewe mfupa, tena huko juu ambako juu yake kuna uwazi wa hewa unaofunguka puani. Hiyo ni operesheni nyingine.

SEIF: "Linaweza." Umesema mwenyewe. Mimi nikatobolewe taya kwa sababu ya linaweza?

MWANAIDI: Ukishaona jino limelala umechelewa.

SEIF: Na skrubu nayo ina deni lake. Haiozi, sawa, lakini fizi na mfupa wake vinaugua, na mara nyingi kimya kimya. Jino la asili limening'inizwa kwa nyuzi, ukiuma kokoto unapata habari. Skrubu imeshikana na mfupa moja kwa moja, haihisi vile. Usafishe maisha yote, ukaguliwe maisha yote, kwa gego ambalo sikulikumbuka mpaka ulipolitaja.

MWANAIDI: Hata meno uliyonayo unatakiwa kuyasafisha maisha yote.

SEIF: Ndiyo maana sitaki kuongeza kazi.

MWANAIDI: Huo ni uvivu umevaa koti la hekima.

SEIF: Na wewe umetoka kliniki Jumatatu, unataka wenzio wote tuvimbe.

MWANAIDI: Mimi nililazimika, pengo liko mbele kidogo, na daraja, jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, lingenisagia meno mawili mazima ya jirani. Lakini la kwako bado nasema ukaulize.

SEIF: Nimeuliza. Nimejibiwa. Naishi nalo.

MWANAIDI: Haya. (kimya) Sijakubali lakini.

SEIF: Wala mimi. Naonyeshwa vidole viwili hapa.

MWANAIDI: Dakika mbili? Na maswali yangu matano?

SEIF: Chagua.

MWANAIDI: Umetumaliza na sungura wako! Haraka: omba picha ya taya ya pande tatu, hasa taya la chini. Kuna mshipa wa fahamu unapita humo, ukijeruhiwa mdomo unaweza kubaki na ganzi isiyoisha. La pili, dai kadi yenye jina la kampuni na kipimo cha skrubu yako, uitunze. Kofia, lile jino la bandia linalokaa juu ya skrubu, ikilegea baada ya miaka, na daktari ni mwingine, atajuaje bisibisi ipi inaingia? La tatu...

SEIF: Muziki unaingia, Mwanaidi.

MWANAIDI: La tatu, uliza kofia itafungwa kwa skrubu au kwa gundi, kwa sababu gundi ikibaki chini ya fizi...

SEIF: Wiki ijayo tuna mgeni, anakuja kuzungumzia usingizi.

MWANAIDI: ...inaleta uvimbe, jamani, waulizeni wameisafishaje!