Ngazi Tatu za Baraza

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya vijana wanaosomea ujenzi na wakazi wa Ngamiani

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba za mitaa mikongwe na maisha ya ndani yake. Mwenyeji wangu alitaka nianze na historia. Mimi nitaanza na ngazi, historia itakuja nyuma yake.

Nyumba aliyojenga marehemu baba yangu Ngamiani ilikuwa na ngazi tatu mbele. Nazijua vizuri kwa sababu nimeanguka kwenye zote. Kila moja ilikuwa na kimo cha sentimita 15 hivi, kwa hiyo sakafu ya baraza ilikuwa juu ya njia kwa karibu sentimita 45. Sasa nyinyi mafundi pigeni hesabu. Mtu akikaa kwenye kibaraza cha saruji kilichojengewa ukutani, macho yake yanalingana na ya mpita njia. Anasalimia bila kuinuka, na anayepita anaitikia bila kuinama. Fundi aliyejenga hakuwa na mchoro, lakini hilo alilijua.

Mwezi uliopita nilikwenda na futi kamba. Kutoka lami mpaka sakafu ya baraza nikapata sentimita 12. Nyumba haijazama hata kidogo. Njia ndiyo iliyopanda.

Nitalirudia hilo. Kwanza tuingie ndani, maana si vizuri kumsema mtu nyumba yake tukiwa mlangoni.

Nyumba yetu ya Kiswahili mnaifahamu: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, mlango wa mbele na wa uani vinatazamana. Wengine siku hizi wanauita ukumbi ule korido, kana kwamba ni njia ya kupita tu. Fungua milango yote miwili saa nane mchana, tandika mkeka katikati, ulale. Upepo unaoingia mbele hauna kizuizi mpaka utokee nyuma. Hiyo ndiyo feni ya babu zetu, na haili umeme. Uani kuna jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia, na mara nyingi kibanda kimoja cha ziada ambacho kila mtu anasema ni stoo, kumbe anaishi mtu.

Kwa nini nyumba hizi zimejazana Ngamiani na si Raskazone? Wakoloni waliupasua mji. Wazungu walikaa Raskazone na Bombo, juu ya jabali la bahari, kwenye upepo. Mwinuko ule si mchezo: Novemba 1914 majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka India yalipotua Raskazone, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuupanda. Wahindi na maduka yao wakawa katikati ya mji. Waafrika wakawekwa ng'ambo ya reli, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893. Huku kwetu mitaa ikanyooshwa kama mistari ya daftari na kupewa namba, ndiyo maana mpaka leo mtu akikuelekeza kwake anakutajia barabara ya ngapi.

Sasa aliye juu ya jabali, mvua ikinyesha maji yake yana pa kukimbilia. Ngamiani ni tambarare. Tambarare imetupa baiskeli, na Tanga bila baiskeli si Tanga. Lakini imetunyima mteremko. Maji ya masika yakianguka Ngamiani yanasimama kwanza yajiulize pa kwenda. Zile ngazi tatu ndizo zilizokuwa zikiyajibu.

Nawaona hapa vijana wa Lushoto, mnacheka. Kwenu mita kama 1,400 juu ya bahari, fundi anakata mlima, anaiegemeza nyumba, na hofu yake yote iko ukuta wa nyuma: udongo usishuke, maji ya jirani wa juu yasitoboe. Huko ugomvi ni wa aliye juu na aliye chini. Kwetu hofu iko mbele, na jirani wa juu ni barabara yenyewe.

Njia inapandaje? Nilipokuwa mdogo ilikuwa mchanga. Ukaja moramu, ukashindiliwa. Ikaja lami. Lami ikachakaa, akaja mkandarasi, simtaji, akamwaga lami mpya juu ya ile ya zamani bila kuikwangua. Kukwangua ni gharama, tena hakuna anayepiga picha ya uzinduzi na lami iliyokwanguliwa. Kila safari njia inapanda kidogo, baraza linabaki palepale. Ngazi ya kwanza ikamezwa, ya pili ikafuata. Mtaro uliochimbwa pembeni umeziba kwa taka zetu wenyewe, hapo simlaumu mkandarasi.

Tazameni kinachotokea kwenye ukuta. Nyumba ile ni ya miti na udongo: nguzo za mikoko, fito zimefungwa kwa kamba, katikati mawe na udongo, kisha ikakandikwa. Chini yake kuna msingi wa mawe. Msingi ukilowa hauna neno, jiwe linakauka. Maji yakiupita msingi yakagusa udongo, ukuta unaanza kunywa, na unyevu unapanda kama mafuta kwenye utambi. Baba alipaka chokaa, ambayo inaruhusu ukuta kupumua. Sisi watoto wake tulipopata fedha tukajiona wa kisasa, tukapiga plasta ya saruji. Saruji ikaufungia unyevu ndani. Juzi nilisukuma ufunguo kwenye ukuta, karibu na sakafu, upande wa chumba cha mbele kulia. Uliingia wote, hadi kwenye pete. Nilipoutoa ulikuwa na udongo mbichi na vipande vya mti uliooza, laini kama muhogo uliochemka. Kwa nje, rangi ya krimu inang'aa.

Mtaniuliza mbona hatutengenezi. Hapo tunaingia kwenye mirathi, na hapo ndipo penyewe.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Maghorofa mengi ya mjini yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Vyumba vyetu sita vya udongo havikufikia bei hiyo, tukashukuru Mungu. Vikabaki vya familia. Baba alipofariki aliacha wajane wawili na watoto saba. Wajane wakagawana thumni yao, yaani fungu moja kati ya manane, sisi tukagawana kilichobaki, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kwenye karatasi imekaa sawa. Sasa igawe nyumba! Dada yangu anapokea kodi ya chumba cha pili kushoto, kaka yetu wa Muheza ana cha nyuma, wapangaji wako wanne na LUKU, mita ya umeme, ni moja, kwa hiyo kila mwenye friji ni mtuhumiwa. Kila chumba kina wa kukisemea. Baraza halina. Halikuhesabiwa, kwa kuwa halileti kodi.

Ila mimi nasema lile baraza ni chumba cha saba, na ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote. Alfajiri kuna mama anakaanga vitumbua pale, halipi kitu, ila wenye nyumba hatununui. Saa nne watoto wadogo na juzuu zao. Alasiri wanawake wanasukana nywele na kuchambua mchele, na habari za mtaa mzima zinachambuliwa humohumo. Baada ya isha linakuwa la wanaume: bao, kahawa chungu, kashata. Mpangaji mwenye chumba kimoja, mke na watoto watatu, mgeni wake anampokelea wapi? Pale. Ukifika msiba, mikeka inaanzia pale.

Mwaka jana mmoja wetu alitaka tuligeuze fremu mbili za duka. Hesabu yake ilikuwa nzuri, sikuweza kuipinga kwa namba. Mama yetu mdogo, mjane aliyebaki, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Na mimi jioni nikakae wapi?" Kikao kikaishia hapo. Tukanywa chai.

Tumekubaliana kuanza na mbele tu. Tutabandua plasta ya saruji kimo cha mita moja, tukate miti iliyooza, tujaze mawe, tupake chokaa, na tuinue sakafu ya baraza sentimita 20. Tatizo ni mlango. Tukiinua baraza bila kuinua ukumbi, mtu anapanda halafu anashuka ndani, na maji nayo yatajua njia hiyo. Tukiinua ukumbi, kizingiti cha juu kitatugonga vichwa, na ule mlango ni wa mninga, hakuna anayekubali ukatwe. Sijapata jibu, ndiyo maana nimekuja kwa mafundi.

Kesho saa moja asubuhi, kabla jua halijakolea, aliye tayari anifuate. Njooni na futi kamba na timazi. Vitumbua mtavikuta, ila nyinyi mtanunua.