Jua likipatwa, nani anaambiwa nini? (mhadhara, Mikindani, Mtwara)

Asalaam alaykum warahmatullah. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, akinamama shikamooni, vijana mambo zenu. Wale mliosimama kule nyuma sogeeni jamani, mikeka ipo, hapa Mikindani hakuna mgeni.

Mada niliyopewa ni kupatwa kwa jua na maana yake kiroho, na walioniita wameniita mimi kwa sababu nimefundisha fizikia miaka mingi na madrasa nayo nimekaa, kwa hiyo wanategemea nije kupatanisha sayansi na dini. Mi sijaja kupatanisha. Hao wawili sioni walipogombana, waliogombana ni sisi.

Tuanze na lile la kwetu, maana wengi mnalikumbuka. Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Kivuli kilitokea baharini huko Atlantiki kikapita Gaboni na Kongo, kikaingia kwetu kwa upande wa Ziwa Tanganyika, kikapita Katavi, Mbeya, kikashuka Ruvuma, kikavuka mto kuingia Msumbiji, halafu Madagaska. Watu wakajazana Rujewa kule Mbarali, wageni na kamera zao, hoteli zikajaa, Rujewa ikapata jina. Lakini mjue upeo wenyewe wa lile tukio, yani ile sehemu ya dunia ambapo lilifikia kilele chake, haukuwa Rujewa, ulikuwa huku kwetu kusini, kwenye mapori ya kaskazini mashariki ya mji wa Tunduru, jirani kabisa na mikoa yetu hii, saa sita na dakika saba mchana, pete, yani ukingo wa jua unaobaki kuuzunguka mwezi, ikadumu dakika tatu na sekunde sita. Dunia nzima! Na pale kwenye kilele nadhani waliokuwepo ni tembo tu. (Kicheko.) Ndo mambo ya kusini hayo, vitu vyetu wanafaidi wengine, haya tuendelee.

Sisi wa Mtwara mjini na Lindi pete kamili hatukuipata, tuliona jua limemegwa sehemu kubwa, tukio zima toka linaanza kumegwa mpaka linaachiwa zaidi ya saa tatu. Na watu wengi walilalamika, mwalimu mbona giza halijaingia, tuliambiwa giza, kuku wala hawakwenda kulala. Kwanza ile haikuwa aina ya kuleta giza. Mwezi haukai mbali na dunia kwa umbali uleule siku zote, kuna siku unasogea na kuna siku unakuwa mbali, na siku ile ulikuwa mbali kidogo, kwa hiyo ukaonekana mdogo, haukuweza kulifunika jua lote, ukingo ukabaki, ndo ile pete. Pili, jua hata ukilibakisha kipande kidogo tu bado ni mchana. Kinachobadilika ni ule mwanga wenyewe, unakuwa wa ajabu, sio wa jioni, sio wa mawingu, rangi za vitu zinapoa, na joto linapungua unalisikia kwenye ngozi.

Na kitu kizuri kuliko vyote siku ile hakikuwa juu, kilikuwa chini. Waliokaa chini ya mikorosho waliona. Mwezi wa tisa mikorosho ina maua, majani yake yamebanana, yale matundu madogo katikati ya majani kila moja linapitisha picha yake ya jua, siku zote inakuwa hivyo ila hatujali kwa sababu tunaona viduara tu ardhini, siku ile kila kiduara kikawa kimemegwa, chini ya mti mmoja vimwezi vidogo mamia vimetapakaa mchangani. Mtoto anakanyaga, vinapanda mguuni kwake. Huhitaji miwani, huhitaji chochote, unainama tu unaangalia. Nilikuwa na wanafunzi, kuna mmoja mkorofi kuliko wote darasani alinyamaza kabisa.

Sasa swali ndo linaanzia hapo. Kwa nini alinyamaza? Darasani nilishamchorea kila kitu, dunia, mwezi, jua, mstari mmoja, kivuli, alijua, na mtihani angepata. Alijua na bado alinyamaza. Hicho ndo nataka tukiongee, maana kuna watu wa aina mbili wananichosha, nawaambia ukweli.

Wa kwanza ni yule jua likipatwa anaanza kutafuta nani kafa au nani atakufa. Mfalme ataanguka, vita inakuja, wajawazito wasitoke nje, maji ya mtungini yamwagwe. Bibi zetu walipiga masufuria na madebe ili lile dude lililomeza liteme, na mi siwacheki, hawakuwa na almanaka wala redio, jua linakuondokea mchana kweupe usipige debe utafanya nini? Namshangaa huyu wa leo mwenye simu kubwa mkononi, tarehe kaambiwa miezi sita kabla, dakika kaambiwa, halafu anatuma meseji kwenye kundi eti ni ishara ya kifo cha mtu fulani. Ndugu yangu, kitu ambacho hesabu yake ilishajulikana kabla babu yako hajazaliwa kinawezaje kuwa habari ya ugomvi wako wa wiki hii?

Watu wa Babeli waliofuatilia anga karne nyingi kabla ya Nabii Isa, waligundua kupatwa kunajirudia kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa kama nane hivi. Hizo saa nane ndo zinaleta utamu, kwa sababu ndani ya saa nane dunia imejizungusha theluthi moja, kwa hiyo ndugu yake anatokea sehemu nyingine kabisa. Huyu wetu wa 2016 kaka yake alipita Agosti 1998 upande wa Indonesia, na mdogo wake atatokea Septemba 2034 kule Amerika ya Kusini. Ukoo mzima una ratiba.

Sasa njooni Madina, mwaka wa kumi wa Hijra. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa na mtoto mdogo wa kiume, Ibrahim, mama yake Maria, yule aliyetoka Misri. Mtoto hajafikisha hata miaka miwili. Akaumwa, akafariki. Baba analia mbele za watu, anasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na siku hiyohiyo jua likapatwa. Wataalamu wa anga wamerudisha hesabu nyuma wamepata tarehe 27 Januari 632. Watu mji mzima wakasema, jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim.

Hebu simameni hapo kidogo. Hakuna mtu aliyewaambia waseme, wamesema wenyewe, kwa mapenzi. Angenyamaza tu! Kiongozi yeyote mnayemjua nyie, wa leo au wa zamani, angepewa zawadi ya namna ile, mbingu yenyewe inamlilia mwanae, angekataa? Angeweka kwenye hotuba kila mwaka. Yeye akiwa na msiba wa siku hiyohiyo anapanda mimbari anasema jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, mkiona hivyo swalini na mumuombe Mungu. Kwa hiyo mlango wa ramli ulifungwa pale pale, na aliyeufunga ni baba aliyefiwa.

Sasa wa aina ya pili, tusije tukamuacha akaondoka anacheka. Huyu ni kijana msomi, wengine ni wanafunzi wangu, anasema mwalimu umemaliza, kumbe ni kivuli tu, hakuna maana yoyote. Ngoja. Ni sawa na mtu akuambie ndoa ni karatasi tu, karatasi ipo kweli, lakini kamuulize aliyeoa. Kwa sababu simulizi ileile ya Madina ina nusu ya pili ambayo watu hawaisomi. Mtume hakukaa akasema ah, ni kawaida. Alitoka haraka mpaka shuka lake linaburuzika, akaingia msikitini, akaswalisha swala ndefu, kisimamo chake wamekikadiria kama mtu anasoma Sura ya Baqara, na kila rakaa ina rukuu mbili, haifanani na swala nyingine. Asmaa akaja kwa dada yake Aisha akamkuta katikati ya swala, anamuuliza watu wana nini, Aisha hawezi kuongea, akaashiria juu mbinguni.

Mnaona? Mtu yuleyule aliyesema hili halina habari ya kifo cha mtu ndiye aliyekimbia. Kwake vitu viwili hivyo vimekaa kifuani pamoja, kujua kwamba sio uaguzi, na kutetemeka. Sisi tukipata kimoja tunatupa kingine.

Nimeona padri wangu pale anatabasamu anasubiri zamu yake, haya. Kwenye Injili siku ya msalaba kuna giza kuanzia saa sita mpaka saa tisa, na kila mwaka karibu na Pasaka naulizwa mwalimu lile si lilikuwa kupatwa kwa jua? Haliwezi kuwa. Sikukuu ya Pasaka ya Wayahudi inaangukia mwezi mpevu, na mwezi ukiwa mpevu uko upande mwingine kabisa wa dunia, hauwezi kuwa mbele ya jua. Jua hupatwa mwezi ukikaribia kuandama tu, ndo maana kwa kalenda yetu ya Kiislamu inakuwa mwishoni mwishoni, siku ya 28, 29, 30. Hata hilo letu la 2016 lilikuwa mwisho wa Mfungo Pili, siku chache tukaingia mwezi wa Hija. Na giza kamili la kupatwa halifiki hata dakika nane, saa tatu litoke wapi. Kwa hiyo Mkristo akitaka kuliongelea giza lile aliongelee kwa imani yake, asije kuazima kwangu kwenye fizikia, haitamsaidia, itamharibia.

Mi mwenyewe kinachonikalisha usiku ni kingine. Jua kipenyo chake ni kama mara 400 ya mwezi. Na umbali wake kutoka kwetu ni kama mara 400 ya umbali wa mwezi. Ndo maana huku chini vinaonekana karibu saizi moja, kimoja kinaweza kukifunika kingine sawasawa. Hakuna sheria ya fizikia ninayoijua mimi inayosema lazima iwe hivyo. Halafu mwezi unatuhama, kila mwaka kama sentimita tatu na nukta nane, wanapima kwa vioo vilivyoachwa juu kule na wale waliotua, kwa hiyo zamani mwezi ulikuwa mkubwa kupita kiasi na mbele huko baada ya mamilioni mia kadhaa ya miaka utakuwa mdogo, kupatwa kamili hakutakuwepo tena. Sisi tumezaliwa katikati, wakati ambapo kuna watu wa kuangalia. Siwaambii hii ni hoja ya kumnyamazisha asiyeamini, akisema ni bahati tu simkatalii, namuuliza tu wewe bahati hiyo umeifanyia nini? Maana kuna walioifanyia kitu. Tarehe 29 Mei 1919 Waingereza walikwenda kisiwa cha Principe na wengine Sobral kule Brazili, jua likapatwa wakapiga picha nyota zilizo karibu na jua, wakakuta mwanga wake umepinda kama Einstein alivyosema. Dunia ikabadilika. Na kivuli kilekile hakikuishia Principe, kilikatiza Afrika kikapita pembe ya kusini magharibi ya nchi yetu kikaishia upande wa Msumbiji jua likielekea kuzama. Huku kwetu ndo kwanza vita ya Mjerumani na Mwingereza imeisha, watu wana njaa, nani angeinua kichwa?

Haya maswali, mchana umekwenda.

Swali la dada pale, mjamzito asitoke? Atoke mama, mtoto hadhuriki na kivuli. Kinachodhurika ni macho ya kila mtu, mjamzito na asiye mjamzito. Ukilikodolea jua linachoma nyuma ya jicho na pale hapana maumivu, husikii kitu, kesho yake unaona doa katikati ya kila unachokitazama. Miwani ya jua ya kawaida hapana, filamu ya eksirei hapana, beseni la maji hapana. Miwani maalumu ya kupatwa, au kioo cha fundi wa kuchomelea namba 14, au ukae chini ya mkorosho.

Mzee wangu anauliza jua likifunikwa na mawingu tuswali kwa kufuata saa ya kwenye simu? Lafudhi ni "mkiona", mzee. Kama mbingu imefunga na hamjaona kitu, hamna lawama.

Na kijana wa mwisho, ameuliza vizuri. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili kitapita Misri, kitapita Jeddah na Makkah yenyewe, adhuhuri watu watasimama giza kwenye Haram, na itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, je na sisi wa Mtwara tusimame tuswali? Jibu ni lilelile. Ukitoka nje ukaona kwa macho yako, tena kwa miwani, jua lako la hapa Mikindani limemegwa hata kidogo, swali. La kwenye televisheni ni lao, waswali wao. Sasa shusheni mikeka ya wageni, kuna kahawa na kashata nje.