Kabla hujawasha mashine nionyeshe jogoo

Haya asanteni, walio nyuma sogeeni mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee kutotolesha vifaranga wa mbegu safi nyumbani kwa inkubeta, na najua wengi mmekuja na maswali ya nyuzi joto, unyevu, mashine ya mayai 48 na ya 96 ipi inafaa, tutafika huko. Ila wanaonijua wanajua naanzia wapi, naanzia bandani. Manake mashine haijui Kuchi, ile mbegu ya kuku warefu, wala chotara, ukiipa joto sawasawa inakutotolea chochote ulichoweka. Weka yai la tetea wa Kuchi aliyepandwa na jogoo wa jirani, utapata kifaranga mzima kabisa, mchangamfu, na si Kuchi.

Nachukua Kuchi kwa sababu ndiye anayeharibiwa zaidi sasa hivi. Mnamjua, mrefu, anasimama wima, shingo ndefu, manyoya machache yamembana mwilini, kifua karibu kiko wazi, upanga mdogo umelala kichwani una vinundu, na ugomvi anaanza angali kifaranga. Watafiti waliopima vinasaba vya kuku wa Tanzania wamemkuta yuko karibu na Shamo, kuku wa kupiganisha wa Japani, yani huyu ana ukoo wake. Sasa leo kila kuku mwenye miguu mirefu anaitwa Kuchi na bei anapandishiwa.

Kuna mama mmoja mfugaji, simtaji, alinunua matetea wazuri wa Kuchi kwa hela ya maana. Hawakuwa na jogoo wao, walikuwa wanazurura na jogoo wa kienyeji wa pale mtaani, huyu wa upanga mmoja uliosimama wenye meno meno. Baadaye akapata jogoo wa Kuchi kweli kweli, akajenga uzio, yule wa mtaani akamfungia nje. Mpaka hapo safi. Wiki iliyofuata akaanza kukusanya mayai, akajaza trei, siku ya 21 vifaranga wakatoka, vichwani wote wana ule upanga mdogo wa vinundu, akafurahi akauza kama Kuchi pyua. Baada ya miezi watu wakaanza kumrudia. Wengine kuku wao wamekua vizuri, wengine wamefupika, wamejaa manyoya, hata kusimama hawasimami ki-Kuchi. Akaambiwa tapeli, na yule mama si tapeli, hakuambiwa tu jambo moja na aliyemuuzia matetea.

Jambo lenyewe hili. Tetea akishapandwa hamalizi mbegu ya jogoo siku hiyo. Ndani kwenye njia ya yai ana vijimfuko vidogo sana vinavyotunza mbegu, na anaitumia kidogo kidogo wiki mbili, wiki tatu, wengine wanagusa mwezi. Kwa hiyo ukimtoa jogoo leo yumo bado! Ameondoka bandani ila kwenye mayai yumo. Kama unataka mbegu safi, tenga matetea wiki tatu na zikifika nne ndio vizuri zaidi, mayai ya muda huo kula, uza ya kula, wape watoto chipsi mayai, alafu ndio uanze kuhesabu mayai ya jogoo mpya.

Najua kuna mtu hapa anasema mbona mimi nilibadilisha jogoo na wiki ile ile nikapata vifaranga wa jogoo mpya. Ndiyo, inatokea sana, mbegu iliyoingia mwisho mara nyingi ndiyo inatangulia. Mara nyingi, sijasema kila mara. Kwenye trei moja unakuwa na wa baba huyu na wa baba yule na hujui yupi ni yupi, na anayenunua kwako mbegu hanunui "mara nyingi".

Na mwingine atasema kwani si nitawatambua kwa upanga? Hutawatambua, na hapo ndipo yule mama alipokwama. Ule upanga wa vinundu una nguvu kuliko upanga mmoja, kwa hiyo Kuchi safi akichanganywa na wa upanga mmoja watoto wote wanatoka na vinundu, wamefanana na mama yao. Ukija kuwapandisha wale watoto wenyewe kwa wenyewe ndio unashangaa karibu robo wanatoka na upanga mmoja umesimama, na hapo umeshauza kizazi kizima na umeshaharibu mabanda ya watu wengine. Wafugaji wa Kishingo, wale kuku wa shingo wazi, nyie mna nafuu, mkagueni mbele ya shingo, yule mwenye kitita cha manyoya pale juu ya gole amechanganyika, aliyerithi kishingo kwa baba na mama shingo yake iko wazi au ina vinyoya vya kuhesabu. Kwa Kuchi hakuna nafuu hiyo, kuna uzio na kalenda tu.

Alafu kuna lile swali la kila siku, "mimi nafuga nyama tu mbegu safi ya nini". Mzee wangu kama ni nyama tu nunua Sasso au Kuroiler wa siku moja, wafuge, uza, hakuna ubaya wowote. Ila wale ni chotara waliopangwa na makampuni, wazazi wao wanatunzwa kando kwa mahesabu. Ukichukua mayai ya kuku wako wa Kuroiler ukatotolesha unapata mchanganyiko, mmoja mkubwa mmoja mdogo, na kumuuzia mwenzio kwa jina lile lile la Kuroiler ni kumdanganya, hata kama umemuuzia bei rahisi.

Sasa kwa nini watu wanachanganya mayai hata wakiwa na uzio? Kwa sababu ya trei! Kuchi hatagi sana, una matetea wachache, mashine ni ya mayai 96 na unaona vibaya kuiwasha na mayai 15. Basi unafanya mojawapo, unasubiri mayai yajae mpaka la kwanza lina wiki mbili limechoka, au unajazia mayai ya kuku wengine wowote. Acha vyote viwili. Yai lisizidi siku 7, litunzwe sehemu ya ubaridi, ncha nyembamba chini, usilioshe. Yakiwa 15 weka hayo hayo 15, nafasi iliyobaki weka chupa za maji zilizofungwa, zinashika joto na umeme ukikatika zinakusaidia kidogo. Umeme wa ziada ni mdogo kuliko hasara ya jina lako.

Na kama lazima uchanganye mashine moja, andika kila yai kwa penseli, si maka peni, andika banda na tarehe. Siku ya 18 unapoacha kupindua, kila banda liingie kwenye kapu lake la neti lenye mfuniko, manake vifaranga wakishatoka ganda lenye maandishi linabaki huku na mwenyewe yuko kule. Wakikauka tu kabla hujawatoa nje, watoboe tundu dogo kwenye utando katikati ya vidole. Miguu miwili ina nafasi nne, toboa au usitoboe, unapata alama 16 tofauti, zinatosha mabanda yote ya hapa. Vifaa vya kutobolea vipo kwenye maduka ya pembejeo, uliza.

Naoneshwa saa, basi mashine haraka haraka. Yenye feni nyuzi 37.5, usiichezee kila ukiona namba imeruka pointi moja. Isiyo na feni pima juu ya mayai, karibu 38.5. Unyevu asilimia 50 mpaka 55 kwa siku 18 za mwanzo, alafu 65 mpaka 70 mpaka watoke, na usifungue fungue mlango kuchungulia, kila ukifungua unawakausha. Kupindua kwa mkono si chini ya mara tatu kwa siku. Mulika mayai kwa tochi gizani siku ya 7, lenye mishipa libaki, lisilo na kitu ndani toa, lenye duara la damu toa.

Jogoo mmoja kwa matetea wasiozidi kumi, Kuchi punguza, na usimwache baba apande mabinti zake mwaka hadi mwaka, badilishana jogoo na mfugaji unayemwamini, na ukibadilishana rudi kwenye zile wiki tatu, nne nilizosema, usiniambie umesahau.

Bruda, yani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, wiki ya kwanza nyuzi 33 mpaka 35, punguza nyuzi kama tatu kila wiki, wakirundikana wana baridi, wakikimbilia ukutani wana joto, waangalie wao kuliko kipimajoto. Chanjo ya kideri usiipitishe, ile ya tone la jicho ya I-2 inayotengenezwa na TVLA, wakala wa maabara ya mifugo Tanzania, inavumilia joto kuliko nyingine, na kwa wakubwa rudia kila miezi mitatu. Gumboro na ndui sijagusa, muda umekwisha, daktari wa mifugo yule pale mkono juu, mshikeni kabla hajaondoka.