Wakisema "Tumerekebisha", Waulize Wamerekebisha Nini

Assalamu alaykum. Hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu taarifa bado zinaingia kwenye simu zetu: kahawa inaharibu moyo, "na watafiti wamezingatia uvutaji sigara". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayowanyamazisha watu.

Shikeni kalamu. Tuseme tuna wanywaji kahawa 1,000 wa barazani na wengine 1,000 wasioigusa. Wanywaji 600 wanavuta sigara. Upande wa pili wanavuta 200 tu. Tuseme pia kahawa haina dhara lolote: katika kila wavutaji 100, wanywe wasinywe, 10 wataugua moyo, katika wasiovuta 100, wawili. Hesabuni. Wanywaji: 60 na 8, wagonjwa 68. Wasiokunywa: 20 na 16, wagonjwa 36. Karibu mara mbili, na kahawa haijafanya kitu!

Kurekebisha, yaani huko "kuzingatia sigara", ni kuwatenga: mvutaji alinganishwe na mvutaji, asiyevuta na asiyevuta. Hapo mnapata 10 kwa 10, 2 kwa 2. Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa mambo mengi kwa mpigo: umri, kipato, uzito.

Lakini nani anavuta tumemjuaje? Kwa dodoso. Kijana anaulizwa nyumbani kwao, babake kakaa pembeni: "Wavuta?" Atajibu nini? Tuseme nusu ya wavutaji wamekana. Sasa "wasiovuta" wanaokunywa kahawa ni 700: 400 wa kweli na 300 waliojificha. Wagonjwa wao ni 8 na 30, yaani 38, asilimia 5.4. "Wasiovuta" wasiokunywa ni 900: 800 wa kweli na 100 waliojificha, wagonjwa 16 na 10, asilimia 2.9. Tumeshawatenga, na kahawa bado inasingiziwa! Na hata wote wakisema kweli, dodoso la "ndiyo au hapana" linamweka wa sigara moja kwa siku pamoja na wa paketi nzima.

Mtaniuliza: basi turekebishe kila kitu? Hasha! Chumvi hupandisha presha, presha huleta kiharusi. Ukichunguza chumvi na kiharusi huku unarekebisha presha, umeziba njia ileile ambayo chumvi inapitia, halafu unatangaza chumvi haina neno.

Basi tafiti tuzitupe? La. Pale inapowezekana, gawanyeni watu kwa kura: bahati tu iamue nani apewe dawa na nani asipewe. Hapa Pemba, watoto zaidi ya 24,000 wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa kura, kaya kwa kaya. Waliopewa vidonge vya damu, yaani madini ya chuma na foliki asidi, walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, na utoaji huo ukasimamishwa Agosti 2003. Kama wangelinganishwa tu na watoto ambao mama zao walijinunulia vidonge vya damu, huenda tungeona kinyume: mama huyo ana chandarua, ana nauli ya kufika hospitali. Kura husawazisha hata yale ambayo hakuna aliyefikiria kuyauliza.

Mkisoma ripoti, tafuteni namba ya kabla ya kurekebisha na ya baada. Ikiwa hatari imeshuka kutoka mara 1.9 hadi 1.3, na sigara ilipimwa kwa "ndiyo au hapana", hiyo iliyobaki huenda nayo ni sigara.